Jua la Leicester si jua la Tanga

Maneno haya niliyasema Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kwenye mkutano wetu wa familia za Waswahili hapa Leicester. Wengi walikuwa zamu ya mchana, wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura walioketi pale dirishani, jambo sana.

Leo usiku saa zinarudishwa nyuma. Kuanzia kesho, ikifika saa kumi na moja jioni, giza limeshatanda. Wapo humu ndani watakaotoka nyumbani gizani na kurudi nyumbani gizani, siku tano kwa wiki, mpaka Februari. Ndiyo maana nimewaomba viongozi wa umoja wetu wanipe nafasi leo, wala si Machi, watu wakiwa wameshaumia.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kuambiwa na daktari kwamba vitamini D yake iko chini? Inueni mikono. Msione haya. Haya, geukeni mtazamane. Mimi wangu huu hapa, nimeuinua pamoja na yenu.

Mimi ni mfamasia. Nimezaliwa Tanga, nimekulia Chumbageni, nikicheza rede juani hadi mama anaita mara tatu. Nilifika nchi hii mwezi wa Januari. Kabla ya kupata usajili wa kazi yangu nilifanya kazi ghalani, zamu ya usiku, kufunga maboksi. Mchana nalala, usiku nafunga maboksi. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Baridi ya mwaka wa tatu miguu ikaanza kuwa mizito. Mbavu zinauma nikizigusa. Mifupa ya miundi inauma usiku. Kupanda ngazi nashika ukuta. Na siku moja nikiwa kwenye sala ya alfajiri, niko sijda, nataka kuinuka, nikashindwa. Nilivuta kiti ndipo nikasimama. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili.

Nilikwenda kliniki mara mbili. Mara zote mbili niliambiwa ni uchovu wa kazi, nikapewa dawa za maumivu. Siwalaumu peke yao, maana mimi niliyesoma dawa miaka minne sikuwaza pia. Ningewazaje? Mtoto wa Tanga akose jua?

Aliyenifumbua macho si daktari. Ni mzee mmoja Mhindi mwenye duka la viungo, wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na wengi wao wakaja kuujaza mji huu. Mzee yule Kiswahili chake cha Kampala hajakiacha. Nilikuwa nanunua hiliki, akaniona navyopanda ngazi mbili za mlangoni kwa kujivuta. Akaniambia, "Mama, bibi yangu alitembea hivyo hivyo baridi ya pili tulipofika hapa. Kule Kampala alikuwa anabeba ndoo. Hapa akawa hawezi kunyanyuka kwenye mkeka. Kapime vitamini ya jua."

Nikaenda. Mara hii niliomba kipimo kwa jina lake. Daktari anapopima damu anahesabu kwa nanomoli kwa lita. Hapa Uingereza, chini ya 25 huo ni upungufu unaotishia mifupa. Mimi nilikuwa na 14. Mifupa yangu ilikuwa inalainika ndani ya mwili, nami natembea nayo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha yote nitakayosema. Jua kuwepo angani ni jambo moja. Jua kukufikia mwilini ni jambo lingine kabisa. Kwa hiyo kila nitakapotaja mtu leo, nitauliza swali lile lile: jua limemfikia?

Vitamini D hatuipati hasa kwa kula. Ngozi yetu inaitengeneza yenyewe, ikipigwa na aina fulani ya miale ya jua, miale ya urujuanimno. Ini linaipokea, figo zinaimalizia, na kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kunyonya kalsiamu kutoka kwenye chakula. Bila hiyo unaweza kunywa maziwa ndoo nzima, kalsiamu ikapita tu.

Miale ile ni dhaifu. Hewa inaizuia. Kule Tanga saa sita mchana jua liko utosini, kivuli chako unakikanyaga kwa miguu yako mwenyewe. Miale inashuka wima, njia fupi, inafika. Hapa Leicester saa sita ya mwezi Desemba jua limekaa nyuzi kama 14 tu juu ya upeo, linakuja kwa kulala kama mtu mgonjwa, linapita kwenye hewa ndefu, na miale ile inaishia njiani. Mwanga unafika. Miale haifiki. Kwa hiyo siku ile ya Januari mbingu nyeupe, jua linang'aa, umetoka na watoto bustani, umefurahi, ni vizuri, furahini. Lakini vitamini D hukupata. Hata ungekaa kifua wazi hukupata.

Kipimo rahisi hiki hapa, hakihitaji mashine. Simama nje, tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, usitarajie kitu cha maana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inafanya kazi. Katika nchi hii kivuli kinafupika kuanzia kama mwanzo wa Aprili mpaka Septemba, katikati ya mchana. Baada ya hapo tunaishi kwa akiba.

Na kioo? Kioo kinazuia miale ile karibu yote. Kaka zangu madereva wa mabasi, mnajua mkono wa kulia unavyoiva dirishani mwezi wa Julai. Ngozi imeungua kwa miale ya aina nyingine, na vitamini mkono ule haujatengeneza. Jua limekuona. Limekufikia? Halijakufikia.

Halafu kuna rangi yetu. Ngozi nyeusi imejaa melanini, ile rangi ya ngozi, na melanini ni mwavuli. Mungu ametupa mwavuli kwa sababu tuliumbwa chini ya jua kali, na mwavuli ule umetukinga vizazi na vizazi. Lakini umekuja nao mahali pasipo na jua la kukingia. Watafiti wa Manchester walikadiria mwaka 2018 kwamba Mzungu anahitaji kama dakika 9 za jua la mchana kwa siku, Machi hadi Septemba, na mtu mwenye ngozi ya kahawia kama Wahindi anahitaji kama 25, tena mikono ikiwa wazi, na miguu pia miezi ya kiangazi. Sisi wengi wetu ni weusi zaidi ya hapo. Na mama zangu mnaojistiri, mimi nikiwa mmoja wenu, tunaacha wazi uso na viganja. Hesabu hiyo haiwezi kutimia kwa kutembea kutoka kituo cha basi hadi kazini.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sijasema mtu avue hijabu yake. Sijasema rangi yetu ni ugonjwa. Wazungu wenyewe ugonjwa huu uliwatesa kabla yetu. Matege yaliandikwa na madaktari wa Kiingereza tangu miaka ya 1640 na 1650, na viwanda vilipokuja, moshi wa makaa ukafunika miji, watoto wao wakapinda miguu kwa maelfu. Mwaka 1890 daktari mmoja mmishonari, Theobald Palm, aliyefanya kazi Japani, aliandika jambo la ajabu: huko Japani, kwenye umaskini mkubwa, haoni matege, amerudi Uingereza kwenye viwanda na pesa, anayaona kila mtaa. Akalinganisha na barua za wenzake wa nchi nyingine, akasema tofauti ni jua. Hakusikilizwa sana.

Ikapita karibu miaka thelathini. Mwaka 1919 huko Berlin, baada ya vita, daktari Kurt Huldschinsky aliwachukua watoto wenye matege akawaweka chini ya taa ya urujuanimno. Mifupa ikaanza kupona. Kuna kitu alichokifanya ambacho nakipenda sana: alimulika mkono mmoja tu wa mtoto. Alipopiga picha ya eksirei, mikono yote miwili ilikuwa inapona. Maana yake nini? Maana yake ngozi ya mkono huu ilitengeneza kitu, kikaingia kwenye damu, kikaenda kujenga mkono ule mwingine. Mwaka huo huo Edward Mellanby, hapa Uingereza, alionyesha kwa mbwa kwamba mafuta ya ini la samaki aitwaye cod yanazuia matege. Taa na mafuta ya samaki, vitu viwili visivyofanana hata kidogo, vikawa vinabeba dawa moja.

Halafu matege yakasahaulika. Hadi wahamiaji kutoka India na Pakistan walipofika Glasgow na miji mingine, yakarudi, na mwaka 1981 serikali ikalazimika kuanzisha kampeni ya kuyakomesha. Wale walikuwa jirani zetu. Leo ni zamu yetu kujua wanachokijua.

Nije kwa watoto. Hapa nitakaa, mnivumilie, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi.

Mtoto mchanga anazaliwa na akiba ya vitamini D aliyoipata tumboni. Anaipata kwa nani? Kwa mama yake. Mama akiwa mtupu, mtoto anazaliwa mtupu. Na maziwa ya mama, pamoja na utukufu wake wote, hayana vitamini D ya kumtosha mtoto. Mama mmoja wa kwetu, nami nina ruhusa yake kusimulia bila jina, alijifungua mwezi wa kumi na moja. Akamlea mtoto kwa desturi: siku arobaini ndani, amefungwa vizuri, ananyonya maziwa ya mama peke yake. Hakuna alichokosea katika malezi tuliyofundishwa na bibi zetu. Mtoto akiwa na miezi mitano, usiku mmoja, akapatwa na degedege. Hakuwa na homa. Bibi yake kwenye simu kutoka kwetu akasema ni ndege mbaya amepita, mtoto afukizwe. Mama akapiga 999. Hospitalini wakakuta kalsiamu imeshuka mno kwenye damu, kwa sababu vitamini D haikuwepo. Mtoto yule leo anakimbia. Lakini upungufu ukizidi unaweza kudhoofisha hata moyo wa mtoto, na si kila mmoja amewahi.

Mama zangu, muulize swali letu juu ya mtoto yule. Jua lilimfikia? Alizaliwa Novemba. Lingemfikia lini?

Dawa yake ni ya kusikitisha kwa jinsi ilivyo ndogo. Ni matone. Mtoto anayenyonya, tangu anazaliwa hadi mwaka mmoja, anapewa maikrogramu 8.5 hadi 10 kwa siku. Mtoto anayekunywa maziwa ya kopo zaidi ya nusu lita kwa siku hahitaji matone, kwa sababu kopo limeshatiwa. Kuanzia mwaka mmoja hadi minne, maikrogramu 10 kila siku, kiangazi na baridi. Mama mjamzito na anayenyonyesha, 10 vilevile. Familia zinazopokea baadhi ya misaada ya serikali wanapata bure kupitia mpango unaoitwa Healthy Start, mama tangu wiki ya kumi ya ujauzito na watoto chini ya miaka minne. Muulizeni mkunga. Mkunga asipowaambia, muulizeni tena.

Na matone yenyewe, soma chupa. Nakuomba, soma chupa. Kuna chupa ambazo tone moja ndilo dozi ya siku. Kuna nyingine dozi ni matone matano. Dada yako akikwambia "mimi nampa wangu matone matano", anazungumzia chupa yake. Chupa yako ni nyingine.

Sisi wakubwa je? Tangu mwaka 2016 ushauri wa nchi hii ni maikrogramu 10 kwa siku. Wazungu wengi wanashauriwa wazitumie vuli na baridi. Mtu mweusi, mtu anayejistiri, mtu wa zamu ya usiku, mzee asiyetoka nje, huyo anashauriwa mwaka mzima. Nani hapa hayumo kwenye orodha hiyo? Mimi nimo mara tatu.

Kwenye chupa mtaona hesabu mbili, na hizi zimewachanganya wengi. Moja ni maikrogramu, nyingine ni yuniti, zinaandikwa kwa herufi IU. Maikrogramu moja ni yuniti 40. Kwa hiyo maikrogramu 10 ni yuniti 400. Shika hiyo: kumi ni mia nne.

Chakula nitapita haraka. Samaki wa mafuta ndio wenye vitamini D ya maana: samoni, dagaa wa kopo wale wanaoitwa sardini, na makareli, ambao ni ndugu wa vibua wetu. Kiini cha yai kidogo. Maziwa ya ng'ombe ya hapa kwa kawaida hayatiwi vitamini D, tofauti na Marekani, kwa hiyo binamu yako wa Minnesota akikwambia kunywa maziwa, yeye anasema kweli kwake. Na mafuta ya ini la samaki wajawazito wayaache, kwa sababu yana vitamini A nyingi, nayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kula samaki. Lakini kwa samaki peke yake, baridi ya hapa huivuki.

Wengi mmeniuliza juu ya halali. Swali zuri. Vitamini D3 nyingi inatokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Tatizo mara nyingi liko kwenye ganda la kidonge laini, ambalo ni jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Tafuta vidonge vikavu, au matone, au chupa iliyoandikwa halali au ya wasiokula nyama. Zipo, na bei ni ile ile. Mtu asiache dawa kwa sababu hiyo.

Sasa upande wa pili. Najua nikishaondoka hapa kuna mtu atakwenda kununua chupa kubwa kuliko zote dukani. Kwa hiyo ngoja niwasimulie.

Mzee mmoja, si wa hapa, alikuja dirishani kwangu akiwa na kiu isiyokata. Hapati choo. Anatapika. Mwanawe anasema baba ameanza kuchanganyikiwa. Nikamuuliza anatumia nini. Akatoa mfukoni chupa aliyoletewa na rafiki kutoka ng'ambo: yuniti 50,000 kila kidonge. Dozi ya namna hiyo daktari huitoa kwa wiki, kwa muda maalumu, kwa mtu aliyepimwa. Mzee alikuwa anameza kila siku, miezi mitatu, kwa sababu alisikia ni vitamini, na vitamini haina madhara. Damu yake ilikuwa imejaa kalsiamu, na figo zilikuwa zinaelemewa. Alilazwa.

Vitamini D inakaa kwenye mafuta ya mwili, haitoki kwa mkojo kama vitamini C. Ukizidisha, inajilimbikiza. Ngozi ina busara hapo: ukikaa juani sana, inaivunja ile iliyozidi. Kidonge hakina busara hiyo. Kwa mtu mzima na mtoto wa miaka 11 na zaidi, usizidishe maikrogramu 100 kwa siku, yaani yuniti 4,000. Mtoto wa mwaka 1 hadi 10, asizidi maikrogramu 50. Mchanga asizidi maikrogramu 25. Hiyo ni mipaka ya kutovuka. Dozi yako ni ile kumi.

Nchi hii ililijua hilo kwa uchungu. Baada ya vita, miaka ya 1950, maziwa ya unga ya watoto na nafaka zao vilitiwa vitamini D nyingi, na juu yake akina mama wanapewa mafuta ya samaki. Watoto wengine wakaanza kutapika na kudumaa, kalsiamu imepanda. Mwaka 1957 serikali ikapunguza kiasi. Nia ilikuwa njema kabisa. Huko Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2010 uliwachukua akina mama wazee zaidi ya 2,200, nusu yao wakapewa dozi moja kubwa kwa mwaka, yuniti 500,000 kwa mkupuo, ili wasivunjike mifupa. Wakaanguka zaidi na wakavunjika zaidi kuliko wale waliopewa kidonge kitupu. Kidogo kila siku. Kidogo kila siku.

Na zile sauti za WhatsApp zinazosema vitamini D inatibu sukari, saratani, moyo, nguvu za kiume? Wamarekani walipima watu karibu 26,000, zaidi ya 5,000 wakiwa weusi, nusu yao wakipewa yuniti 2,000 kila siku kwa miaka kama mitano. Majibu yalianza kutolewa mwaka 2018. Saratani haikupungua. Shambulio la moyo na kiharusi havikupungua. Wale walikuwa wengi wao hawana upungufu. Aliyepungukiwa, kumjazia ni kumponya. Aliyejaa, kumwongezea hakumpi kitu. Msimwache mtu mwenye sukari akaacha dawa zake kwa ajili ya sauti ya dakika tatu.

Kuna watu wasianze bila kuuliza kwanza: wenye ugonjwa wa figo au mawe ya figo, wanaotumia dawa za presha za kukojosha, wanaotumia digoksini ya moyo. Njooni kwangu au kwa mfamasia yeyote, hatutozi kitu. Na wale ndugu zetu wenye ualbino, tafadhali, yote niliyosema juu ya kutafuta jua hayawahusu. Ninyi jikingeni mwaka mzima, kiangazi hata cha hapa, na vitamini mchukue ya kidonge. Vile vitanda vya taa za kuotea jua mjini, visiingiwe na mtu yeyote.

Nimalizie na nyumbani, maana kila mkutano kuna mtu ananishika mkono: "Mama yangu yuko Muheza, nimtumie chupa?"

Inategemea, na swali ni lile lile. Watafiti kutoka Groningen, Uholanzi, waliwapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, wakatoa majibu mwaka 2012. Wastani wao ulikuwa 115. Mimi hapa nilikuwa na 14. Kama mama yako anakwenda shamba, anaanua nguo, anakaa barazani mchana, jua limemfikia. Mtumie hela ya samaki.

Lakini msidhani Afrika yote imesalimika. Mwaka 2020 watafiti wa Kilifi walikusanya tafiti za nchi 23 za Afrika, wakakuta kama mtu mmoja kati ya watatu yuko chini ya 50 kwa kipimo kile kile cha damu, na walio chini zaidi ni wanawake, watoto wachanga na watu wa mijini. Nairobi, kwenye mtaa wa mabanda, utafiti wa mwaka 2018 ulikuta watoto wana matege, na sababu ni vitamini D. Nairobi, jirani kabisa na ikweta! Vyumba vimebanana, mama yuko kwenye kibarua, mtoto kafungiwa ndani kwa usalama wake. Jua liko juu ya bati. Halijashuka mpaka kwa mtoto. Kama una mjukuu anayelelewa hivyo Eastleigh au Manzese, piga simu leo, atolewe nje mchana, kivuli kikiwa kifupi, na kliniki wamtazame miguu.

Na si kila miguu iliyopinda ni jua. Jos, Nigeria, mwaka 1999, watoto wenye matege walikuwa na jua tele. Waliopewa kalsiamu walipona zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikosa kalsiamu. Kwetu dagaa anayeliwa na mifupa yake ni kalsiamu tosha, msimdharau dagaa. Na kule Maji ya Chai, Arusha, mnaotoka huko mnajua, meno yana rangi na miguu ya watoto wengine inapinda kwa sababu ya floridi kwenye maji. Huyo ukimtumia chupa ya vitamini D umepoteza nauli. Anahitaji maji mengine.

Nimesema mengi na chai inapoa. Pale nyuma mezani nimeweka chupa sita, za bei tofauti, nimebandika karatasi kila moja inayosema ni maikrogramu ngapi, ni ya rika gani, na jelatini yake ni ya nini. Mliokuja na chupa zenu kwenye mikoba, leteni tuzisome pamoja, lebo kwa lebo. Mama mwenye mtoto mgongoni, wewe mwenye kitenge cha kijani, njoo tuanze na wewe. Ana miezi mingapi?